Mwaka wa Kuanzia

Ngara, ghorofa ya nne, Jumamosi, saa kumi na nusu.
Nilitandaza mezani kalenda ya buchari, nimeipindua,
upande mweupe juu: ramani isiyo na jina bado.
Dadu ya pande ishirini niliifunika kwa kikombe
isije ikaanza safari kabla yetu.

"Haya," nikasema, "majini ninayo, mapanga ninayo,
mlango unaofunguka kwa machozi ya jogoo pia ninao.
Sina mwaka. Nipeni mwaka."

Gakuru alitaka reli: elfu moja mia nane tisini na tisa,
mahema, vumbi, na simba anayejua lugha tatu
anayedai ushuru kwa kila taruma.
Tayari alikuwa amemchora mtu wake, fundi wa misumari
ambaye nyundo yake ikilia
wafu wa njiani hugeuka usingizini.
Nilikiri ni mzuri. Nikamwandika pembeni kwa penseli.

Halkano alitaka mbali zaidi, kabla ya chuma,
enzi isiyo na tarehe za kumkosoa mtu.
(Ni mwalimu wa historia. Wiki nzima
husahihisha tarehe za watoto wa wenyewe. Mwacheni apumue.)

Kisha mimi, kwa kiburi cha mshika kalamu,
nikasema: hamsini na mbili. Hali ya Hatari.
Msitu unaohama usiku, viapo vinavyouma kweli,
ukungu unaoficha watu kwa kuwa umeombwa vizuri.

Gakuru akaacha kutafuna.
Karanga zikabaki shavuni.
"Nyanya yangu alilichimba lile handaki," akasema,
"kwa jembe, na mtoto mgongoni.
Nikirusha dadu nikapata moja, nimwambieje?
Nyanya, umeanguka, zamu yako imepita?"
Na Mbithe, ambaye hunyamaza hata akishinda,
akasema taratibu kwamba babu yake
alisimama ukingoni mwa handaki kama lile,
na bunduki ya serikali, na filimbi.

Hatukujua macho tuyaweke wapi.
Nikaifuta ile tarehe kwa kifutio,
nikafuta, nikafuta,
karatasi ikatoboka palepale.

Ndipo mlinzi wa jumba akapaza sauti toka chini:
"Maji! Yamekuja! Nusu saa tu!"
Tukatimka, mashujaa watano na mitungi ya njano,
tukajipenyeza kwenye foleni kati ya mabeseni na matusi.

Kupanda ni ngazi sitini na mbili.
Kwenye ya arobaini Resiato akatua mtungi,
akaanza kucheka peke yake.
"Mnajua kwa Kimaa mji huu unaitwaje?
Maji baridi. Watu wote hawa, majumba yote haya,
ndani ya neno maji baridi,
na mimi mkono unakatika."

Tulirudi viatu vimelowa, tukakubaliana bila kura:
kabla ya reli, kabla ya bati la kwanza.
Kinamasi, matete, vyura wenye mahakama yao,
ng'ombe wanaokuja kunywa na kuondoka.
Mwaka hauna namba. Gakuru atabaki na nyundo yake;
ametumwa toka wakati ujao na hajaambiwa kwa nini.
Halkano alishaanza kuuliza chumvi itatoka wapi.
Lile tundu la karatasi tuliliita kisima.

Hakuna aliyesema nani atateremka kwanza.
Mbithe ndiye aliyefunua kikombe.
Dadu ikabingirika, ikapita matete,
ikasimama kwenye mdomo wa tundu, ikitikisika kidogo.
"Saba," akasema. "Inatosha kufika chini?"

Sikumjibu.
Kina chake nilikuwa sijakiandika.